Moyo: Ya Ukoo na ya Chunguni

Mara nyingi tunasikia, "Moyo ni ugonjwa wa ukoo wetu, tutafanyaje?" Kweli, ukoo una sehemu yake. Kolesteroli ni mafuta yaliyomo ndani ya damu; yakizidi hujijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo na kuiziba. Watu wawili wanaokula chungu kimoja, mmoja aweza kuzidiwa na mafuta hayo kwa sababu ya vinasaba alivyorithi.

Lakini sikieni habari ya nchini kwetu. Mwaka 1996 wataalamu walitangaza uchunguzi wa Lugalawa, Ludewa. Waliwalinganisha wanavijiji wa Ziwa Nyasa, walao samaki kila siku, na wenzao walao vyakula vya shambani. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu na kolesteroli ya chini zaidi. Mwaka 1999 ikaonekana kwamba hata lipoproteini(a), aina ya mafuta inayotawaliwa hasa na urithi, ilikuwa chini kwa wavuvi, na tofauti hiyo haikutokana na urithi wao.

Basi tusikate tamaa. Samaki wa Kilwa tuwachemshe au tuwachome badala ya kuwakaanga. Tupunguze tui zito na chumvi. Na palipo na mzazi au ndugu aliyepatwa na ugonjwa wa moyo angali kijana, twende tukapime mapema shinikizo na kolesteroli. Aliyepewa dawa asiache kwa sababu anakula samaki.