Si kila huzuni ni "bama"

Vijana wetu wa Mikumi wanaishi jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa kukutana na wageni wameokota maneno mengi ya Kiingereza. Mojawapo ni bummer, litamkwalo "bama". Mgeni akizunguka mbugani kutwa asimwone simba, hulisema. Kijana naye hulichukua hadi nyumbani. Hatuna ugomvi na neno geni, kwani Kiswahili chenyewe kimekopa mengi. Tunaloomba ni kulijua kabla ya kulitumia.

Neno hili lilivuma Marekani katika karne ya 19, likimaanisha mzururaji asiyetaka kazi. Wengi hulihusisha na neno la Kijerumani la mtu wa kurandaranda. Katika miaka ya 1960 watumiaji wa dawa za kulevya wakaliita hivyo jaribio lililowageukia vibaya. Baadaye likalainika, na leo ni neno la mtaani kwa jambo lolote lililomvunja mtu moyo.

Kipimo chake ni kidogo. Basi limekuacha, mechi imeahirishwa kwa mvua: hapo linafaa, tena kwa mwenzako wa rika. Halifai katika barua ya kazi, wala mbele ya mkubwa, wala penye msiba. Kilosa wanaijua tofauti hiyo. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaacha maelfu bila makazi na kuharibu reli ya kati. Kumwambia "bama" aliyelala kambini kwa kupotelewa na nyumba ni kumdhihaki.

Sisi tuna "pole". Aliyejikwaa huambiwa pole, na aliyefiwa huambiwa pole. Sauti na subira ya msemaji ndiyo hupima uzito. Bama hulitaja jambo. Pole humwelekea mtu.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mwana akirudi na matokeo ya kidato cha nne yasiyomridhisha, akasema "bama" kisha akajifungia chumbani, tusicheke wala tusimkaripie kwa Kiingereza chake. Huenda ameficha huzuni kubwa chini ya neno dogo. Tubishe hodi, tuketi naye, tumwambie pole. Mengine, pamoja na shule ya mwakani, yatazungumzwa baada ya hapo.