Watoto Wamefunga Shule, Tuwapokee Nyumbani

Shule zimefungwa. Sare zimefuliwa na kukunjwa, mabegi yametundikwa ukutani, na viatu vyeusi viko chini ya kitanda hadi Januari. Nyumba iliyokuwa kimya mchana sasa ina vicheko, ugomvi wa rimoti na milango inayofunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Sukari haimalizi wiki. Luku ya elfu tano inaisha kabla hujageuka.

Je, umeshapata nafasi ya kumtazama mtoto wako vizuri tangu afunge shule?

Nauliza kwa upendo, kwa sababu wengi wetu mwaka mzima tumeonana na watoto wetu juu juu. Mtoto wa Chanika au Mbagala anayesoma mbali na kwao huamshwa saa kumi na moja alfajiri. Anagombania daladala na watu wazima. Jioni ana tuisheni. Akirudi anaoga, anakula, kisha anafungua madaftari huku anasinzia. Baba akiingia saa tatu usiku anamkuta amelala. Hakuna mwenye kosa hapo. Kutafuta riziki ndiko kulikotufikisha hivyo.

Sasa tumepewa takriban mwezi mzima wa kuwa pamoja. Nina ombi moja kwenu: mwezi huu mtoto awe mtu wa nyumba kamili.

Mtu wa nyumba ni nani? Ni yule anayejua unga umebaki kiasi gani. Anajua maji hukatika siku zipi na ndoo ipi ni ya kunywa. Anajua bibi anameza dawa ya presha saa ngapi. Mama akichelewa, anajua cha kufanya kabla hajapigiwa simu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanao si mgeni, basi jembe lake lisingoje hata siku hiyo ya tatu.

Lakini tumpe jembe namna gani?

Tumezoea kumwambia mtoto "njoo unisaidie". Anakuja, anashika hiki, anaacha kile, tunamfokea, tunamalizia wenyewe. Jaribuni njia nyingine: mpeni kazi iliyo yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa likizo nzima. Mwambie, "Mwezi huu mapipa ya maji ni yako." Asiambiwe kila asubuhi. Akisahau, nyumba nzima itaona pipa limekauka, na yeye ataona pia. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchambua mchele na kupanga viatu vya mlangoni. Wa miaka kumi anafagia uwanja, anaosha vyombo, anakwenda gengeni na kurudi na chenji kamili. Wa miaka 13 anaweza kusonga ugali wa nyumba nzima, mkubwa akiwa karibu na moto.

Na wavulana? Wavulana pia, tena bila mjadala. Siku kijana wako atakapokwenda bweni, au atakapopanga chumba chake cha kwanza, hakuna atakayemfulia wala kumpikia. Mama aliyemfundisha kuchemsha maharage atakumbukwa kila Jumapili.

Liko jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni sokoni. Mchukue mwanao hadi soko la Tandika, au soko lolote la karibu nanyi, mpe shilingi 10,000 mkononi, kisha mwambie, "Leo mboga ya siku mbili unanunua wewe." Simama nyuma yake. Mwache aulize bei ya fungu la nyanya, achague vitunguu, apunguziwe au akataliwe. Mwache aamue kama atachukua dagaa au samaki mmoja. Pengine atanunua kitu kisichofaa. Nyamaza, mtakila hivyo hivyo.

Wazazi wengi huona vigumu kuzungumza na mtoto habari za fedha. Tunaogopa kumtia wasiwasi. Tunataka aone kila kitu kipo tu. Nia hiyo ni njema, lakini mtoto asiyejua pesa inatoka wapi huumia zaidi anapokataliwa kitu, kwa kuwa hudhani amenyimwa na hapendwi. Yule aliyeona elfu kumi ikiisha machoni pake akiwa na mfuko mmoja wa mboga huelewa. Hata mazungumzo ya viatu na madaftari ya Januari yanakuwa mepesi, maana mnahesabu pamoja.

Na baba, je? Kama wewe ni fundi, seremala, mshonaji au una kibanda cha biashara, mpeleke mtoto siku moja moja akaone unavyoshinda. Akae pembeni, aone wateja wanavyokuja na wasivyokuja. Mama lishe anaweza kwenda na binti yake asubuhi moja akaone chapati zinavyoanza kusukumwa gizani. Lengo si kumtumikisha. Tunataka aone jasho linalomlipia nauli, alione kwa macho yake.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Je, mmewahi kukaa, mume na mke, mkapanga siku hizo kwa kuangalia kalenda ya shule? Wiki moja baba akiwa nyumbani, nyingine mama, watoto hawashindi peke yao. Mwajiri akiombwa mapema, na kwa maelezo, mara nyingi huelewa. Nanyi wenye ofisi na viwanda, mruhusuni mzazi apige simu nyumbani saa saba mchana. Dakika tano hizo zitamrudisha kazini akiwa na moyo uliotulia.

Sasa nimzungumzie dada wa kazi, kwa sababu husahaulika sana wakati huu. Shule zinapofungwa, mzigo wake huongezeka kuliko wa mtu yeyote nyumbani. Juzi alipika mchana chakula cha watu wawili, leo cha watu sita. Nguo zimeongezeka, na kutwa ndiye mwamuzi wa kila ugomvi. Wengi wa madada hawa wametoka mbali, Iringa, Singida, Dodoma, na kwao wameacha wadogo zao ambao nao wako likizo.

Tumpunguzie. Watoto waoshe vyombo walivyolia. Waseme "naomba, dada", wasimwamuru. Apewe mchana mmoja wa juma awe huru, na kama anataka kwenda kwao kwa sikukuu, nauli yake ipangwe mapema pamoja na yetu. Na ikiwa dada mwenyewe ni mtoto asiyefika miaka 14, sheria yetu inasema bado hajafikia umri wa kuajiriwa. Mzazi mwenzangu, huyo naye ni mwanafunzi. Tumsaidie Januari imkute darasani.

Tusije tukajaza kazi hadi mtoto akose pumzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, pamoja na elimu na afya. Acha acheze kombolela na rede hadi vumbi limfike masikioni. Acha akae na mdako barazani. Mtoto anayecheza na wenzake anajifunza kusubiri zamu, kushindwa na kusamehe, na masomo hayo hayana kitabu.

Vipi kuhusu tuisheni? Najua wazazi wengi wana hofu kwamba mtoto atasahau, au wenzake watampita. Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili zito kiasi cha kuliwekea sheria, kwani Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Maoni yangu ni kwamba saa moja ya kusoma kila asubuhi, kabla jua halijakali, inatosha. Asome hadithi kwa sauti, na wewe umsikilize. Hekaya za Abunuwasi zimewachekesha babu zetu na bado zinachekesha. Wakazi wa Dar es Salaam wana Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nayo ina sehemu ya watoto. Mikoa mingi ina maktaba yake. Na runinga ikiwashwa, kuna vipindi vya kwetu, kama Ubongo Kids kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, ambacho hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo.

Simu je? Simu iwe na saa zake, na ilale sebuleni usiku, ya mtoto na ya mzazi pia. Watoto hutuiga kabla ya kututii.

Ndugu zangu, wapo vijana ambao likizo yao ni ndefu kuliko ya wengine. Darasa la saba walifanya mtihani Septemba. Hadi kidato cha kwanza kianze Januari, ni takriban miezi minne wako nyumbani. Wa kidato cha nne walimaliza Novemba. Umri wao ni ule wa kuanza kujitegemea kidogo, na siku zao ni tupu. Hawa ndio hasa wanaohitaji kazi ya kushika na mtu wa kuongea naye. Binti wa miaka 13 akikaa peke yake mchana kutwa, nani anajua anayemtembelea? Mpelekeni kwa shangazi anayeshona. Mpelekeni kwaya, madrasa, timu ya mtaa. Fundi wa mtaani akimpokea kijana kwa wiki chache, amemfanyia wema mkubwa.

Lazima pia tuzungumze kuhusu hatari, kwa utulivu. Desemba ni msimu wa maembe, na kila mwembe wa mtaa una watoto juu yake. Mvua za vuli huacha maji kwenye mashimo ya mchanga na misingi ya nyumba, na mtoto huyaona ni bwawa la kuogelea. Majirani, tuzungukeni mtaa Jumamosi moja tufukie au tuzibe yanayozibika. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mafuta ya taa na dawa ya panya viwekwe juu, kamwe visiwekwe kwenye chupa ya soda.

Na sikukuu zikifika, tuwe nao. Siku ya Idi mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walifariki kwa kukosa hewa walipobanana katika ukumbi wa disko toto. Watoto wale walikwenda kufurahi tu, kama watoto wetu wanavyotaka kufurahi. Mtoto wa miaka minane ukumbini awe na mkubwa wa nyumbani kwao. Pengine ni bora zaidi majirani wanne wakachanga, wakapika pilau moja, watoto wakacheza uwanjani wakionekana.

Wengi watawapeleka watoto kijijini. Ni jambo zuri sana. Mtoto wa mjini akikaa na bibi Kilimanjaro, Ruvuma au Mbeya msimu huu wa kulima na kupalilia, atajua mahindi yanatoka wapi, na atarudi na jina la ukoo wake. Akisafiri peke yake kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, mkabidhi kwa mtu unayemjua, andika namba ya basi, na mpokeaji awe stendi kabla basi halijaingia. Muulize pia mwenyeji wako swali ambalo wengi huliona gumu: atalala wapi, na nani? Ndugu mwema hatakasirika.

Kabla hajaondoka, mwambie mtoto kwa maneno mepesi: "Mtu yeyote akikugusa usivyopenda, hata awe tunayemheshimu, niambie. Sitakugombeza." Mfundishe namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, isiyolipiwa. Aikariri kama anavyokariri namba ya mama.

Na mtoto wa jirani, yule ambaye mama yake hutoka alfajiri na kurudi usiku, anakula nini mchana? Kama kwenu kuna sahani ya ziada, muite. Muulize mama yake jioni kama asubuhi unaweza kumtazamia mwanawe. Kesho yeye atakutazamia wako.

Basi leo jioni, kabla chakula hakijaandaliwa, waiteni watoto wote mkae nao. Waambieni fedha ya mwezi huu ni kiasi gani na kazi za nyumba ni zipi. Kila mmoja achague yake mwenyewe. Aanze kesho asubuhi.