WANAOCHUNGUZWA NAO WANA HAKI
Utafiti juu ya ubaguzi wa rangi na wajibu wa viongozi wa parokia



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiitumikia, walifika wageni kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Walikuwa na barua yenye mhuri, adabu nyingi na madodoso. Walitaka habari za koo ambazo wazee wao walikombolewa utumwani. Kwa kuwa walikuwa wasomi, tuliwafungulia kabati la vitabu vya ubatizo bila kuishirikisha Halmashauri ya Walei, wala kuwauliza wenye majina yale. Walinakili kwa siku nyingi, wakaaga, wakaenda zao. Mwaka uliofuata mama mmoja mzee alitungoja nje ya kanisa baada ya Misa, akauliza: "Baba Padre, wale wageni walisema nini juu yetu?" Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Tunaanza na kosa letu wenyewe ili asiwepo wa kudhani kwamba tunawanyoshea kidole wengine tu. Na tunachotaka kusema ni hiki: utafiti juu ya dhuluma ya rangi usiowapa waliodhulumiwa kiti mezani ni dhuluma ile ile iliyovaa joho la kitaaluma. Kiongozi wa Kanisa anayeutilia sahihi bila kuuliza anashiriki dhuluma hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya rangi ni ya Wamarekani, sisi hayatuhusu. Hao wamesahau mafuvu ya Berlin. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mafuvu ya watu wetu yalisafirishwa hadi huko na kuingizwa katika mkusanyiko wa mtaalamu Felix von Luschan. Mengine yalifukuliwa makaburini. Siku zile wasomi walipima vichwa vya wafu ili kuwapanga wanadamu kwa mbari. Watafiti wa siku hizi wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, na zaidi ya 200 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko Moshi, Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900. Ukoo wake umeamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi.

Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, wamepatikana ndugu walio hai wa marehemu watatu kutoka Tanzania. Tutafakari jambo hili. Sayansi iliyochukua vichwa bila ruhusa ilikwama, haikuweza kuthibitisha vilikuwa vya nani, mpaka wajukuu walipokubali kutoa mate yao yapimwe. Waliodharauliwa kama vitu vya kupimwa ndio waliokuwa na ufunguo wa ukweli.

Wengine watasema: siku hizi mambo yamebadilika, vyuo vinafanya ushirikiano na jamii. Neno ushirikiano ni zuri, lakini lisitulevye. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuchunguza ugonjwa wa kaswende katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama. Walichukuliwa wanaume Weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na ugonjwa. Chuo cha Tuskegee, chuo cha Weusi chenye sifa kubwa, kilishirikiana na serikali katika kazi hiyo. Wanaume wale waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", wakapewa chakula na ahadi ya kugharimiwa maziko. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikwisha kujulikana kuwa ndiyo dawa, lakini hawakupewa. Waliachwa ili ionekane ugonjwa utawafanya nini. Jambo hilo lilikoma mwaka 1972 baada ya kufichuliwa magazetini, na Rais wa Marekani aliomba radhi mwaka 1997.

Je, hapakuwa na ushirikiano? Ulikuwapo, tena kati ya serikali na chuo cha Weusi wenyewe. Kilichokosekana ni ridhaa ya wale wakulima maskini. Kwa hiyo mwafaka wa wakubwa na wakubwa, hata wawe wa rangi moja na wanaochunguzwa, si ridhaa ya watu. Sahihi ya paroko si ridhaa ya waamini. Sahihi ya mwenyekiti wa Walei nayo si ridhaa ya jumuiya.

Mfano wa tatu unatuuma zaidi, kwa kuwa ni wa Kanisa letu. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, kwa dola 115,000, nao wakapelekwa mashamba ya Louisiana. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mkuu wa Shirika huko Roma alikuwa ameagiza familia zisitenganishwe na fedha zisilipe madeni, lakini maagizo hayo yalikiukwa. Wengi wa waliouzwa walikuwa Wakristu waliobatizwa. Waliuzwa na mapadre wao.

Mwaka 2015 chuo hicho kiliunda kikundi cha kuchunguza historia yake. Wakati huo huo mhitimu mmoja wa chuo, pamoja na wataalamu wa nasaba, alianza kuwatafuta wazao wa watu wale. Walitumia orodha ya abiria wa meli pamoja na vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vitabu kama vile vilivyomo katika sakristia zetu. Wazao walipatikana kwa maelfu, na baadhi yao walilalamika kwamba mapendekezo yaliandaliwa bila wao kualikwa. Mwaka 2017 chuo na Shirika viliomba msamaha hadharani. Mwaka 2019 wanafunzi walipiga kura kwamba kila mmoja atozwe dola 27.20 kila muhula kwa manufaa ya wazao. Chuo hakikuitoza ada hiyo, kikaamua kukusanya michango ya hiari. Mwaka 2021 Wajesuiti waliahidi dola milioni 100 kwa taasisi waliyoiunda pamoja na wazao.

Hapa ndipo pa kupambanua. Deni si sadaka. Anayedaiwa hachagui siku ya kuwa mkarimu. Zakayo alipokutana na Bwana hakuishia kukiri, bali aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Utafiti unaoishia kwenye kitabu chenye jalada zuri, huku aliyedhulumiwa akibaki alipokuwa, ni maungamo yasiyo na malipizi.

Hatupingi utafiti. Mwaka 1899 W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi, alichapisha uchunguzi wake wa Weusi wa Philadelphia baada ya kupita nyumba kwa nyumba. Alionyesha kwamba ubaguzi ulikuwa chanzo kikubwa cha taabu yao, si maumbile yao. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichomwajiri kilimpa cheo cha chini, wala hakikumpa darasa la kufundisha. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba wenyeji hawakupenda kuchunguzwa kama viumbe wa ajabu. Elimu ya kweli inahitajika mno. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekilalia hawezi kuwa mtu wa kujaza dodoso tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Kanisa katika Ulimwengu wa Kisasa, ulifundisha kwamba ubaguzi wowote wa rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu. Kwa hiyo, akija mtafiti, hata akiwa padre mwenzetu, viongozi wamwulize kwanza: Nani aliyetunga maswali haya, na je, sisi tunaweza kuongeza yetu? Majina na picha zetu zitatunzwa na nani? Asiyetaka kushiriki atabaki na amani yake? Matokeo yatasomwa hapa, kwa Kiswahili, kabla ya kuchapishwa? Na likigunduliwa deni, nani atalilipa? Maswali hayo yajadiliwe kwanza katika Jumuiya Ndogo Ndogo, siyo ofisini kwa paroko peke yake. Mtafiti mwema hataudhika. Anayeudhika amekwisha kujibu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji asipone, basi tulikosea kumpokea. Yule mama mzee bado anatudai jibu. Vitabu vya ubatizo vina majina ya wana wa Mungu, nasi tulikabidhiwa kuvilinda.

Tumsifu Yesu Kristu.