CHETI CHA MSOMA PICHA ZA EKSIREI



Karani wa serikali hafahamu cheti kilichomwingiza kazini tu. Afahamu pia taarifa iandikwayo juu ya kazi yake kila mwaka. Hapo zamani taarifa hiyo ilikuwa ya siri; mwaka 2004 ikaja OPRAS, na tangu 2023 twajaza PEPMIS katika kompyuta. Twanung'unika juu ya fomu hizo, nami ni mmoja wa wanung'unikaji, lakini sidhani yuko kati yetu asemaye kwamba cheti alichopewa ujanani chatosha kuthibitisha kazi aliyoifanya jana. Leo nataka kuwaonyesha watu wa kazi nyingine, ambao kosa lao halitokei upesi kama hesabu iliyokosewa katika daftari la malipo. Nao ni waganga wasomao picha za eksirei, yaani mabingwa wa radiolojia, pamoja na matabibu wazisomao mahali pasipo na bingwa.

Jambo hili latugusa sisi wa Maganzo kuliko watu wengi. Tumekaa kando ya mgodi wa almasi wa Mwadui, na vijana wetu wengi huondoka kwenda kwenye dhahabu upande wa Geita, wakapasue na kusaga mwamba. Dhahabu ya huko aghalabu imo katika jiwe jeupe gumu lenye silika, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Baada ya miaka huleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuondoa. Na zaidi ya hayo humfungulia mlango kifua kikuu. Basi kijana arudi nyumbani akikohoa, amekonda, apumua kwa shida. Apigwa picha. Katika picha yaonekana madoa madogo ya mviringo sehemu za juu za mapafu. Je, ni kifua kikuu, ni silikosisi, au yote mawili? Akisomewa kifua kikuu peke yake atameza dawa miezi sita, asipone, aanzishiwe tena, na katikati ya matibabu arudi shimoni kuvuta vumbi lile lile. Akisomewa silikosisi peke yake, naye kumbe ana kifua kikuu, ataiambukiza nyumba nzima. Na kama ni mtu wa ajira, madai yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, yatategemea sana maneno machache yaliyoandikwa chini ya picha hiyo.

Kwamba jicho la mganga laweza kupotoka si siri wala si tusi. Mwaka 1949 Leo Henry Garland, mganga wa eksirei wa San Francisco, alitangaza matokeo yaliyowashtua wenziwe: wasomaji wenye ujuzi walipitiwa na kiasi cha picha 30 katika kila picha 100 za kifua zilizokuwa na ugonjwa. Tena msomaji yule yule, alipopewa picha zile zile mara ya pili, pengine alijipinga mwenyewe. Hawa hawakuwa wavivu wala wajinga. Ndivyo ilivyo kazi ya kutazama vivuli. Mashine zimebadilika mno tangu siku hizo, lakini jicho ni lile lile.

Sasa tutazame utaratibu wetu. Mashine ya eksirei hukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2003. Na mfanyakazi wake huvaa kifuani kipimo kidogo kihesabucho mionzi iliyompata. Wataalamu wa kupiga picha wana Baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya 2007. Madaktari wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Atakaye kuhuisha leseni hudaiwa pointi za mafunzo endelevu. Haya yote ni mema, wala sina neno la kuyapinga. Lakini pointi hupatikana kwa kuhudhuria mkutano, semina au somo. Kuhudhuria kwaonyesha kwamba mtu alikuwako. Hakuonyeshi kwamba Jumanne iliyopita aliliona doa lililokuwamo katika picha ya mchimbaji. Tumeipima mashine, tumempima mfanyakazi mionzi iliyomwingia, na usomaji wenyewe tumeuacha bila kupimwa.

Jibu la jambo hili lipo katika kazi ya almasi, iliyo jirani yetu. Almasi ikipigwa na eksirei hung'aa. Mashine ya kuchambulia huona mng'ao huo, ikapuliza hewa na kuitenga na kokoto. Lakini wenye viwanda vya almasi hawaiamini mashine hiyo kwa sababu eti ilinunuliwa na hati safi. Huchukua vijiwe vya kujaribia, vilivyotiwa alama na idadi yake yajulikana, wakavichanganya na kokoto, kisha wakahesabu vingapi vimetoka. Visipotoka vyote, mashine hurekebishwa. Nashangaa kwamba twaifanyia kokoto uangalifu huu, na kifua cha mwanadamu hatukifanyii.

Wala si jambo geni katika uganga. Kanuni za kimataifa za kuainisha picha za mapafu yenye vumbi zilianza katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 1930, na Shirika la Kazi Duniani huzitoa pamoja na picha za mfano, ili msomaji alinganishe picha iliyo mbele yake na mfano badala ya kutegemea kumbukumbu. Huko Marekani wasomaji wa picha za namna hii hufanya mtihani wa kusoma picha zenyewe, na baada ya muda uliowekwa hutakiwa kukihuisha cheti chao, la sivyo hukipoteza. Uingereza nako, wasomao picha za matiti hupelekewa mikusanyo ya picha ambazo majibu yake yamekwisha kujulikana, kila mmoja akaonyeshwa kwa faragha alipopatia na alipokosa.

Lakini tusichukue kila kitu cha ng'ambo. Bodi ya radiolojia ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1934, ilitoa vyeti vya maisha kwa miaka mingi. Tangu 2002 ikawapa wapya vyeti vya miaka kumi, na mwaka 2019 ikaanzisha maswali mafupi ya kila juma kupitia kompyuta. Waganga wengi walilalamika juu ya ada, na mwaka huo huo shauri likafikishwa mahakamani. Naona somo lake ni hili: mtu akitozwa fedha kwa kujibu maswali yaliyo mbali na kazi ya mikono yake, ataona cheti kuwa kodi. Hapa kwetu, ambapo mabingwa ni wachache na wengi wao wako mijini, kodi ya namna hiyo ingewafukuza hao hao tuwatakao.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Kila mwezi hospitali itoe picha 20 za kifua zilizokwisha kusomwa, ifute majina, izipeleke kwa msomaji wa pili, mathalan Bugando kule Mwanza. Na siku hizi picha husafiri kwa mtandao, haihitaji basi. Kati ya hizo zichanganywe chache ambazo jibu lake limethibitishwa kwa makohozi au kwa njia nyingine. Tofauti zirudishwe kwa msomaji wa kwanza peke yake, na kazi hiyo ihesabiwe pointi za leseni kama semina ihesabiwavyo. Yatumike kumfundisha; yakianza kutumiwa kumshusha cheo, kila mtu ataandika 'haiko wazi, arudiwe picha', nasi tutakuwa tumepoteza hata kile kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisaidie kusoma picha za kifua katika kutafuta kifua kikuu. Nazo zijaribiwe kwa picha hizo hizo, kwa maana programu iliyofunzwa kutafuta kifua kikuu yaweza kutatizwa na pafu la mchimbaji.

Wenzangu mtauliza, sisi makarani twaingiaje? Twaingia kwenye daftari. Mgonjwa afikapo dirishani, aulizwapo kazi, husema mkulima, nasi twaandika mkulima, kwa kuwa ana shamba kweli. Miaka yake minane ya kusaga mawe haiandikwi popote. Picha yafika kwa msomaji ikiwa ya mkulima, naye aisoma kama ya mkulima. Tena picha ya zamani, ambayo ingemwonyesha kama madoa ni mapya au ni yale yale, haipatikani kwa sababu jina liliandikwa kwa namba mbili tofauti.

Naiomba halmashauri ya chama ilete katika mkutano ujao maswali mawili ya kuongezwa katika fomu ya mapokezi: umewahi kufanya kazi ya kuchimba au kusaga mawe, na kwa miaka mingapi? Na pale ambapo namba ya zamani ya mgonjwa ipo, karani aitafute kabla ya kumpa mpya.