Randa ya Babu Si Skrepa, Wajameni!

Leo tunaweka kando mapenzi na mitindo, tunaingia uani kwa marehemu babu.

Babu alikuwa fundi seremala. Amefariki, arobaini imepita, ukoo umekaa kugawana vitu. Kabati linagombaniwa, redio inagombaniwa, hata baiskeli isiyo na mnyororo ina wenyewe. Lile sanduku la mbao lililojaa vyuma vyenye kutu, kimya! Hakuna anayelitaka. Kesho yake anapita kijana na mkokoteni, "skrepa, skrepa!", sanduku linapimwa kwa kilo, na mshiko unaopatikana unaishia kwenye chipsi mayai na soda mbili. Mchezo kwisha.

Na kijana aliyekula hizo chipsi ndiye huyohuyo anayelia kijiweni kwamba hana mtaji. Kasheshe!

Ngoja nikwambie kilichoondoka na mkokoteni. Kwenye masanduku ya namna hiyo mara nyingi huwa mna randa za chuma zilizoandikwa Stanley au Record. Stanley ni kampuni ya Marekani. Mwaka 1869 ilinunua haki za ubunifu za jamaa anaitwa Leonard Bailey, na mpaka leo randa nyingi za chuma duniani, hata hizi mpya za bei ya kutupa, zimeiga umbo la Bailey. Record ni za Sheffield, Uingereza, zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Utazijua kwa ile rangi ya bluu. Patasi zenye jina la Marples nazo ni za Sheffield, kampuni iliyoanza mwaka 1828. Enzi za Mwingereza na hata baada ya uhuru, mafundi walizishika kwenye karakana, kwenye misheni na kwenye shule za ufundi.

Sasa usinielewe vibaya. Si kila cha zamani ni bomba. Kuna zana za zamani zilizokuwa ovyo tangu siku ya kwanza. Lakini randa nzima ya aina hizo, ikisafishwa na kunolewa, inalainisha mbao ya mninga mpaka mkono unateleza, na umeme ukikatika yenyewe haina habari. Hizi mpya za bei chee, kisu chake mara nyingi ni laini. Unanoa asubuhi, adhuhuri unanoa tena.

Kwa hiyo umelipata sanduku. Kwanza kagua. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu. Hakipindi, kikianguka sakafuni kinapasuka. Basi geuza randa juani, tazama vizuri ule mdomo ambako kisu kinatokea, na zile kuta mbili za pembeni. Ukiona ufa kama unywele, hiyo ni ya kutolea vipuri. Kama haina ufa, kutu isikutishe hata kidogo.

Fungua kila kitu, piga picha kwa simu kabla hujafungua ili ujue nini kinakaa wapi. Parafujo ikigoma usiibishie kwa nyundo. Idondoshee mafuta ya taa, kalale, asubuhi ujaribu tena.

Kisu na patasi zilizoliwa na kutu zitoe mipini, zilaze kwenye siki, kwenye chombo cha plastiki, usiku mmoja. Mmoja tu! Wapo wanaosahau siki siku nne, wakirudi wanakuta chuma kimeanza kuliwa, maana siki ni asidi, haijui wapi kutu inaishia. Asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani, zamisha kwenye maji yenye magadi ili kuua ile asidi, suuza kwa maji safi, kausha palepale juani na upake mafuta. Ukiacha hata nusu saa bila mafuta, utaona wekundu mwembamba umerudi. Ule mwili uliopakwa rangi usiutie kwenye siki, utaondoa na rangi yake. Wenyewe unatosha kwa mafuta ya taa na ile stili waya ya kusugulia masufuria (nunua nyingine, usimwibie mama).

Uso wa chini unataka kunyooka. Chukua kipande cha kioo kinene, kiweke mezani, gundisha msasa juu yake, kisha sukuma randa mbele na nyuma kisu kikiwa ndani lakini kimerudishwa juu. Utaona sehemu zinazong'aa na zisizong'aa. Usitake kung'arisha mpaka ujione sura, hiyo ni sifa tu. Mradi mbele, pembeni mwa mdomo na nyuma paguse msasa, inatosha.

Sasa tufike mahali ambapo zana nyingi za wazee zinauawa: kwenye grenda.

Kijana anapata kisu cha babu, anakimbia nacho kwa fundi wa kuchomelea, cheche zinaruka, dakika mbili kinang'aa kama kipya. Mtu anatabasamu. Lakini tazama pale ncha. Ukiona rangi ya bluu, ujue msiba umetokea. Chuma cha kisu kilipikwa na kupozwa kwa hesabu ili kiwe kigumu. Kikipata joto la kama nyuzi 300 za Sentigredi kinageuka bluu, na ugumu wake umeondoka. Kitakata, ndiyo, mbao mbili tatu, halafu makali yanalala. Hapo watu huanza kusema babu alikuwa na vyuma vya ovyo. Babu wa watu! Dawa ni kuisaga sehemu yote ya bluu taratibu mpaka iishe, na kisu kinabaki kifupi. Kama ni lazima upite kwenye grenda, gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa, chovya. Kidole kikishindwa kuvumilia moto wake, umeshachelewa kuchovya.

Kwa mkono ndiyo salama. Kilekile kioo chako: msasa namba 220, halafu 400, 800, 1200, au kinoo kizuri ukiwa nacho. Anza na mgongo wa kisu, ule upande bapa. Wengi wanauruka, halafu wanashangaa. Makali ni mahali pande mbili zinapokutana. Upande mmoja ukiwa na vishimo vya kutu, hakuna makali hapo hata unoe wiki nzima. Upande wa mteremko upe nyuzi 25, ncha yenyewe 30. Malizia kwa kuburuta kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Maranda yakitoka membamba ya kupitisha mwanga, umefika.

Dada zangu, msifungue ukurasa mwingine. Kazi hii haitaki misuli, inataka subira, na nyinyi mnayo kuliko hawa kaka zenu.

Mpini uliopasuka gundi tu, ukifa kabisa chonga mwingine wa mninga. Ukiupaka mafuta ya linsidi, kitambaa ulichotumia usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha chenyewe na kuchoma karakana. Kitandaze nje kikauke.

Kutunza sasa. Dar, Tanga, Unguja, hewa yetu ina unyevu na chumvi, na jasho la mkono lina chumvi pia. Kila jioni futa zana kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Uso wa chini pitishia mshumaa au nta. Itateleza kama samaki. Usiweke sanduku sakafuni kwenye saruji, linyanyue kwa vipande viwili vya mbao. Wala usifungie patasi kwenye karatasi, karatasi inashika unyevu. Ndiyo, hata gazeti hili. Soma kwanza, halafu fungia vitumbua.

Msumeno wa babu nimeuruka makusudi, kunoa meno yake ni shughuli nyingine kabisa. Wiki ijayo leteni tupa.