Fyuzi haimlindi mpishi

Huenda mkeo, nduguyo au mwanao anayengoja kujiunga na chuo amepata kibarua katika jiko la hoteli. Je, umewahi kujiuliza ni nini kitakachomwokoa iwapo blenda itavujisha stima naye amesimama penye maji?

Wengi watajibu haraka kuwa ni fyuzi. La hasha! Fyuzi huulinda waya usishike moto. Ile iliyomo katika plagi ya birika huwa ya ampia 13, yaani miliampia 13,000. Lakini miliampia 10 hadi 16 tu zatosha kuukaza mkono wa mtu mzima asiweze kuachia alichoshika, na mia moja hivi zikipita kifuani zaweza kuuvuruga moyo ukome kusukuma damu. Mpishi atakufa na fyuzi ibaki nzima kabisa.

Kumlinda mtu ni kazi ya chombo kingine, ambacho mafundi wetu hukiita RCD na Wamarekani GFCI. Chenyewe hulinganisha stima inayokwenda na ile inayorudi. Zikitoshana, kimetulia. Ikiwa kuna inayopotelea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu hadi ardhini, hukata stima kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Cha Marekani hukata zikivuja miliampia 4 hadi 6. Vya kwetu, kwenye volti 240, kwa kawaida huwa vya miliampia 30.

Aliyefungua njia huko Marekani ni Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewapima watu waliojitolea ili ajue ni stima kiasi gani mtu anaweza kuhimili na bado akaachia waya. Chombo chake alikibuni mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kanuni za stima za nchi hiyo zilikidai kwanza kwenye mabwawa ya kuogelea na bafu, kisha kwenye soketi za jikoni nyumbani mnamo 1987. Ajabu ni kwamba jiko la biashara lilingoja hadi toleo la 2002! Toleo la 2017 likaongeza soketi za mitambo mikubwa.

Nasema ni ajabu kwa sababu hatari imejaa huko kuliko nyumbani. Ingia jiko lolote la mjini saa saba mchana. Sakafu imelowa, meza ni ya chuma, sinki ni ya chuma, friji ni ya chuma, na mpishi ametoka kuosha nyama, mikono ingali inachuruzika maji ya chumvi. Waya wa blenda umelazwa kando ya karai. Ngozi kavu huizuia stima kidogo. Iliyolowa huipitisha kwa urahisi.

Wenye hoteli wana malalamiko yao, na si ya uongo. Friji kuukuu ikivuja, chombo hukata stima usiku, nyama ikaoza, na asubuhi fundi akaamriwa akiondoe. Kwa maoni yangu, huko ni kumfukuza bawabu kwa kuwa amepiga kelele. Kinachohitaji kutengenezwa ni friji.

Tena kuna ule mtindo wetu wa kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Wanafunzi wa mabwenini mnaujua. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, ambao chombo chenye mwili wa chuma hakipaswi kuukosa.

RCD nayo haifanyi miujiza. Ukishika nyaya zote mbili kwa pamoja bila kugusana na ardhi, haiwezi kujua kuwa wewe si birika. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Stima isipokatika, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA kabla ya mtu kuwasha blenda.