Kabla ununue mashine ya kupasua kuni, uliza nani anashika shoka kwenu

Wiki mbili sasa mnanitumia ile vidio moja. Mzungu amevaa kofia, theluji iko nyuma yake, anaweka gogo kwa mashine, anasukuma mkono wa chuma, na gogo linafunguka katikati kama mkate. Halafu swali ni lile lile: "Si hii ndiyo mama zetu Ukambani wanahitaji?" Wengine wameuliza kama inatumia mtungi wa kilo 6 ama ule wa 13. Tuanzie hapo ndiyo tusipotezane: Mmarekani akisema injini ya "gas" anamaanisha petroli. Hakuna mtungi hapo.

Na simcheki mtu, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuinunua.

Mwaitu anaishi Kathonzweni, huku Makueni. Mnamjua, ndiye yule wa ile vidio ya kupasua kuni asubuhi, ambayo mpaka leo hakuna nyingine imeangaliwa kuishinda kwa ukurasa wangu. Mlisifu sana nguvu zake. Kitu hamkuona ni kwamba wiki hiyo bega lake la kulia lilikuwa haliinuki vizuri, na alikuwa anapasua hivyo hivyo kwa sababu isyo haiwezi kuiva kwa maneno. Mimi nilishika simu, yeye akashika shoka. Pesa ikaingia kwangu.

Hiyo kitu ilinikaa. Nikaanza kuweka akiba, nikasema nitamnunulia mashine. Nikapiga simu Nairobi, nikatajiwa laki mbili na kitu kabla ya usafiri. Nikafika nyumbani nimejaa furaha: "Mwaitu, utaacha kupasua kuni." Akaniuliza, "Hiyo mashine itaenda kuokota kuni pia, mwanangu, ama itaningoja nirudi nazo?"

Nilikasirika kidogo, nitakubali. Lakini swali lake lilinifanya nikae chini nipige hesabu badala ya kuangalia vidio.

Nilipima kuni za boma letu wiki nzima kwa ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia mbuzi. Ilikuja karibu kilo 9 kwa siku, sema 270 kwa mwezi. Karibu nusu ni matawi ya ukubwa wa mkono, hayahitaji kupasuliwa, unayakata tu. Kinachobaki ni vipande vya muuku na mulaa, na mwembe tukishapogoa baada ya msimu wa maembe. Mashine nzuri ya petroli inamaliza kazi hiyo kwa saa moja. Kwa mwezi! Siku zingine zote imekaa chini ya mti inangoja. Na injini ya petroli haipendi kukaa: mafuta yanaoza ndani ya kabureta, yanakuwa gundi, siku ukiitaka haiwaki. Ukiiacha juani, mipira ya oili inapasuka. Kwa laki mbili utakuwa umenunua kiti cha kuku.

Halafu kuna jambo ambalo vidio haisemi. Yule mzungu anapasua magogo yaliyonyooka, yaliyokatwa urefu sawa. Kuna mtu alishapita na msumeno wa injini, ile pawasoo. Sisi miti yetu ni ya nchi kavu, imejipinda, ina mafundo, nyuzi zake zimeshikana kama nywele ambazo hazijachanwa. Kabari ya mashine inahitaji sehemu mbili tambarare za kubana gogo. Bila kukata vizuri kwanza, gogo linateleza ama linaruka. Kwa hivyo bei ya mashine si bei ya mashine peke yake. Ni mashine, pamoja na pawasoo ama mtu wa pawasoo, pamoja na mafuta ya zote mbili. Na ukianza kuleta pawasoo bomani, chifu na afisa wa misitu watataka kujua ni mti gani unaangusha, na wako na haki. Kitui tunajua hii stori. Tangu 2018, Gavana Ngilu alipopiga marufuku biashara ya makaa, kila mtu amejifunza kuangalia mti mara mbili. Na tafadhali, usiniambie unataka kupasua mukau. Hiyo ni mbao. Mtu amengoja zaidi ya miaka kumi, wewe unachemshia chai?

Sasa niseme kile nadhani tunakosea wote, mimi wa kwanza.

Kila mara watu wa miradi wakija, wanaleta jiko la kuokoa kuni. Ni jiko zuri, sina shida nalo. Kuni kidogo, moshi kidogo. Lakini mlango wake ni mdogo. Linataka kuni nyembamba, zilizopasuliwa. Mafiga matatu hayataki: unasukuma gogo zima kutoka nje ya duara, likiungua unalisukuma tena, mpaka muthokoi uive. Kwa hivyo ukimwambia mama aache mafiga, umemwongezea kazi ya shoka, na hujamwambia nani ataifanya. Halafu baada ya miezi sita ukipata jiko limegeuzwa la kuwekea sufuria, unasema wamama hawapendi mabadiliko. Wanapenda! Wamechoka tu. Sensa ya 2019 ilionyesha asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zinapika kwa kuni, na huku kwetu ni nyingi zaidi ya hapo. Hizo zote ni shoka za mtu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mashine ya petroli ya kupasua kuni si ya boma moja. Ni kama posho mili. Hakuna mtu hununua posho mili ya unga wa watoto wake peke yao, lakini kijiji bila posho mili kinateseka. Shangazi yangu wa Mutomo, upande wa Kitui, wako na kikundi cha wamama ishirini na kitu. Nikimwekea hesabu yangu mara ishirini, mashine inapata kazi karibu ya kila siku ya wiki. Shule inayopikia watoto mia tano githeri kwa kuni za lori nayo ingefaa kuwa nayo jana.

Kama kikundi chenu kinafikiria, msidanganywe na namba ya tani iliyobandikwa kwa stika. Tani zinatoka kwa vitu viwili: upana wa pistoni na presha ya oili. Silinda ya upana wa sentimita 10 ndani, kwa presha ya baa 200, inakupa kama tani 16. Hiyo inatosha kuni nyingi za kwetu zikikatwa fupi. Muuzaji akikuambia silinda hiyo hiyo ni tani 30, mwulize presha ni ngapi, umwangalie macho. Ulizeni pia kama pampu ni ya hatua mbili, yaani inaenda haraka ikiwa haijaguswa na mzigo, halafu inapunguza mwendo na kuongeza nguvu ikikutana na fundo. Bila hiyo mtazeeka mkingoja. Injini iwe ya aina ile inayotumika kwa pampu za maji, kama Honda GX200 ama nakala zake, kwa sababu fundi wa hapo Wote ama Kitui mjini anaijua na macho yamefungwa. Na iweze kusimama wima, ndiyo gogo zito libingirishwe, lisibebwe na migongo tunayojaribu kuokoa.

Moja tu nakataa kabisa. Kuna mafundi wanaweza kukuchomelea ile koni yenye nyuzi, kama karoti ya chuma inayozunguka, wakaifunga kwa injini kuukuu. Ni rahisi, na inapasua kweli. Lakini koni haiachi kuzunguka ukipiga kelele. Mashine ya pistoni ukiachilia mkono inasimama. Koni ikishika pindo la leso, inaendelea kuvuta. Wamama wetu wanafanya kazi na leso kiunoni. Sitaki hata kumaliza hiyo sentensi.

Mimi akiba yangu ilienda wapi? Nilinunua shoka zito lenye mpini mrefu, na fundi wa jua kali akanitengenezea kabari tatu kutoka kwa springi ya lori. Haikufika hata elfu kumi. Nimejifunza kwamba mti ukiwa bado mbichi unapasuka rahisi kuliko ukishakauka ukawa jiwe, kwa hivyo sasa tunapasua mapema, tunapanga juu ya mawe mchwa wasifike, na mabati juu kabla ya mvua ya Novemba. Kuni kavu, moshi umepungua. Kifundo kigumu kikinishinda nakiwacha kwa mafiga ya nje, kife polepole na isyo ya Jumapili.

Na kila Jumamosi ya pili niko Kathonzweni. Ndugu yangu naye anakuja Jumamosi zile zingine, alikataa mwanzo, akasema yeye mgongo unamuuma. Mwaitu alimwangalia tu.

Pesa iliyobaki nimemwambia shangazi naiweka kwa kikundi chao kama mkopo bila riba wakiamua kununua. Wanakutana mwisho wa mwezi. Wamama wawili wanataka tanki la maji kwanza, na kusema ukweli siwezi kubishana nao. Mwaitu amenikataza kumpiga vidio akiwa na shoka. Anasema nikitaka watu waone kuni zikipasuliwa, nimpe yeye simu.